Maziwa ya Moto Magamba

Msafiri aendaye Lushoto huachana na barabara kuu ya Moshi na Arusha pale Mombo, na kuanzia hapo ni kilomita 33 za kupanda. Mombo ni nchi ya joto, mkonge na vumbi. Ukifika Soni, maporomoko ya maji yananguruma kando ya barabara na abiria wameanza kufunga vioo. Lushoto kwenyewe, mnamo mwezi Juni, asiyebeba sweta hujuta. Wajerumani waliouita mji huo Wilhelmstal walipanda huko kukimbia joto la nchi za chini. Sisi, yaani mimi na binti yangu wa Kidato cha Tatu, tulipanda kwa mambo mawili: kumjulia hali dada yangu mkubwa, na kugandisha maziwa.

Jambo la pili linahitaji maelezo, na maelezo yenyewe yalikuwa ndani ya kopo la biskuti ambalo binti yangu alilipakata njia nzima. Humo mlikuwa na bodi ndogo ya kielektroniki, upana wake kama kitambulisho, aina ya Arduino. Bodi hizo zilibuniwa mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, kwa ajili ya wanafunzi, na kwa kuwa wabunifu waliuacha mchoro wao wazi kwa kila mtu, viwanda vingi huziunda na bei yake imeshuka sana. Yetu, pamoja na vihisi vyake vyote, haikufikia bei ya jozi ya viatu vya shule. Kazi yake ni nyepesi kueleza: unaiandikia maagizo kwa kompyuta, nayo huyatii usiku na mchana bila kuchoka wala kusinzia. Ukiiambia ipime joto kila baada ya sekunde kumi na kuandika namba, itapima na kuandika.

Garini ilikuwa ikipima mgandamizo wa hewa. Pale Mombo ilisoma karibu hektopaskali 965. Kila kona tuliyopinda, namba ilipungua. Mzee mmoja aliyeketi mbele yetu aligeuka, akatazama waya zilizochomoza koponi, akauliza kwa upole kama hiyo ni redio. Binti yangu akamjibu: "Hapana babu, inatuambia tumepanda kiasi gani." Mzee akasema yeye miguu yake humwambia. Tuliposhuka Lushoto namba ilikuwa karibu 860. Tofauti ni 105 hivi, na katika miinuko hii hewa hupungua hektopaskali moja kwa kila mita tisa na ushei za kupanda. Aliyazidisha daftarini akapata karibu mita elfu moja, na ndivyo ilivyo, kwani Mombo iko kwenye mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari na Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi.

Sasa maziwa. Juu kidogo ya mji wa Lushoto, kwenye barabara inayopandisha kuelekea msitu wa hifadhi, ndipo palipo Magamba. Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba, mwanafunzi wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Desturi yao ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka katika jokofu. Nafasi jokofuni ilikuwa finyu na vijana waligombea trei. Siku moja Mpemba alikuwa bado anachemsha maziwa aliyoyanunua kwa akina mama wa pale, mwenzake akaona asisumbuke kuchemsha. Akakoroga sukari katika maziwa mabichi akakimbilia jokofu. Mpemba akaona trei ya mwisho inampotea. Akayamimina ya kwake yakiwa ya moto, akijua kwamba huenda akaliharibu jokofu. Baada ya saa moja na nusu akakuta yake yameganda, na ya mwenzake bado ni uji mzito.

Alimwuliza mwalimu wake wa fizikia. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Kijana akanyamaza, lakini hakusahau. Baadaye alikutana na rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga, naye akamweleza kwamba wao huko siku zote huweka mchanganyiko wa moto, maana huganda upesi. Zingatia hapo, ndugu msomaji: wauza aiskrimu wa Tanga walikuwa na elimu ambayo kitabu cha darasani hakikuwa nayo, na hakuna aliyewauliza.

Mpemba alifaulu akaenda Shule ya Mkwawa, Iringa. Walipofika katika somo la kupoa kwa vitu, akauliza tena. Mwalimu wa huko akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu, na tangu siku hiyo kila alipokosea hesabu darasa lilimcheka kwa maneno ya namna hiyo hiyo. Mpaka siku alipokuja mgeni, Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba akasimama mbele ya wote na kumwuliza: maji ya nyuzi joto 35 na maji ya nyuzi joto 100, kwa ujazo sawa, yakiingia jokofuni pamoja, kwa nini yale ya moto hutangulia kuganda? Wanafunzi wakacheka. Osborne naye, kwa maelezo yake mwenyewe, alidhani kijana amekosea. Lakini alifanya tofauti na wenzake: alirudi Dar es Salaam akamwagiza fundi wa maabara ajaribu. Fundi alileta habari kwamba maji ya moto yametangulia kweli, na akaahidi kulirudia jaribio hadi lipatikane jibu sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha matokeo yao katika jarida la Physics Education la Uingereza, Mpemba akiwa amekwisha kuingia chuo cha usimamizi wa wanyamapori karibu na Moshi. Jambo hilo likabeba jina lake, na linalo hadi leo katika vitabu vya dunia nzima.

Binti yangu aliisoma habari hii na swali lake likawa moja tu: je, na sisi tukipima?

Nami lazima nikiri jambo. Ninafundisha fizikia. Katika shule niliyoanzia kazi, darasa la wanafunzi zaidi ya 60 lilikuwa na vipimajoto viwili vya zebaki, na kimoja kilivunjika kabla ya muhula wa kwanza kwisha. Nilichofanya miaka ile ni kuandika ubaoni namba ambazo jaribio lingetoa kama tungelifanya, na wanafunzi wakachora grafu nzuri za namba zangu. Hakuna grafu iliyokuwa na kona mbaya. Hakuna mtoto aliyeuliza swali, maana namba za mwalimu haziulizwi.

Jioni ya kwanza nyumbani kwa dada, baada ya Magharibi, tulibandika sufuria ya maji jikoni ili kuvijaribu vihisi kabla ya kazi. Vihisi vya joto tulivyokuwa navyo vimefungwa ndani ya kijifimbo cha chuma kisichopitisha maji, kila kimoja na waya wake mrefu. Ndani ya maji yenye vipande vya barafu vilisoma sifuri, tofauti ikiwa sehemu ndogo tu ya nyuzi moja. Vyema. Tukavitia ndani ya maji yanayotokota. Vikapanda, vikapanda, vikasimama kwenye 95 na ushei. Maji yanachemka mpaka yanaruka nje ya sufuria, kihisi kinasema 95.

Nikamwambia: "Umeunga vibaya. Angalia ile rezista."

Akaangalia. Akazichomoa waya zote katika kile kibao chenye matundu, akaziunga upya. Ikasoma 95. Nikasema basi kihisi ni kibovu, vitu vya bei rahisi ndivyo vilivyo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, kwa adabu lakini bila kuniangalia usoni: "Baba, Tanga kilisoma 99 na nusu. Kihisi hiki hiki, na sufuria ilikuwa kama hii. Na mgandamizo tumeupima wenyewe leo."

Nilihisi joto masikioni. Juu mlimani hewa ni nyepesi, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Nimelifundisha hilo kwa miaka, na kwa mwinuko wa Lushoto 95 na ushei ndilo jibu hasa. Dada yangu, ambaye hakwenda shule zaidi ya darasa la saba, alitoka na bakuli la maharage akasema kila mtu aliyeolewa kutoka pwani hulalamika maharage ya Lushoto hayaivi. Nilimwomba binti yangu radhi hapo hapo, mbele ya shangazi yake. Kwa haki ya mtengenezaji niongeze kwamba vihisi hivi vimeahidiwa usahihi wa nusu nyuzi kati ya hasi 10 na 85 tu. Juu ya hapo ahadi hulegea. Lakini kihisi kimoja katika sehemu mbili kinatosha kuonyesha tofauti ya nyuzi nne.

Dada huuza barafu za maziwa kwa watoto wa shule, na kwa hiyo ana jokofu la kugandishia. Akatupa nafasi ya chini upande wa kushoto. Tukachukua vikombe viwili vya plastiki vilivyo sawa, tukapima maziwa kwa kipimo kimoja, kikombe kimoja kikiwa na maziwa ya nyuzi 80 na kingine nyuzi 20. Kihisi kimoja kila kikombe. Waya ni nyembamba, hupita chini ya mpira wa mlango bila kuuzuia kufunga, na hapo ndipo chombo hiki kinapopita kipimajoto cha zebaki. Mpemba na wenzake walilazimika kufungua mlango kila walipotaka kujua, na kila ukifungua unaingiza hewa ya moto. Sisi tulikaa sebuleni tukinywa chai, na kwenye kompyuta mistari miwili ilikuwa inashuka.

Na hapo likaja swali ambalo sikulitarajia. "Baba, tutasema yameganda lini?" Nilidhani ni rahisi. Yakifika sifuri? Maziwa huganda chini kidogo ya sifuri, na sukari huyashusha zaidi. Tone la kwanza la barafu likitokea? Au yote yakiwa gumu? Tukatazama skrini na mstari wenyewe ukatujibu: ulishuka, kisha ukalala bapa kwa muda mrefu, joto halipungui ingawa jokofu linavuta. Huo ndio wakati wa kuganda. Ubaridi wote unatumika kugeuza maji kuwa barafu. Mstari ukianza kushuka tena, kazi imekwisha. Nimelichora umbo hilo ubaoni mara nyingi. Sikuwa nimeliona likizaliwa nukta kwa nukta.

Usiku ule wa kwanza kikombe cha moto kilishinda! Mtoto wa dada, aliye Kidato cha Pili, alipiga kelele hadi jirani akauliza kuna nini. Asubuhi binti yangu alipofungua jokofu akakuta kihisi cha kikombe cha moto kimeteleza, kimeegemea ukutani karibu na sakafu yenye barafu. Kilikuwa kikipima ukuta. Akaenda akalikata jaribio lile kwa mstari mmoja wa kalamu, bila kulifuta, akaandika sababu pembeni. Niliona uchungu usoni mwake, na sikusema neno.

Usiku wa pili tulivifunga vihisi kwa vijiti vya mishikaki ili vikae katikati ya kikombe kwa kina kilekile. Kikombe cha baridi kikatangulia, wazi kabisa. Usiku wa tatu tulivibadilisha nafasi, cha kushoto kuwa kulia, na umeme ukakatika saa tatu. Kompyuta ilikuwa na chaji, bodi ikaendelea kuandika, na tukapata grafu safi ya jokofu likipata joto, ambayo hakuna aliyeihitaji.

Siku iliyofuata, wakati tukingoja umeme, tulitembea hadi Irente. Pale kwenye ukingo wa mlima ardhi inakatika ghafla na tambarare ya Mombo na Mazinde iko karibu mita elfu moja chini ya viatu vyako. Nilimsimulia binti yangu habari ya Abu Rayhan al-Biruni, aliyesimama juu ya mlima wa namna hii huko Nandana, katika nchi ambayo leo ni Pakistan, miaka elfu moja hivi iliyopita. Kwanza aliupima urefu wa mlima, kisha akapima ni kwa pembe ndogo kiasi gani upeo wa macho unashuka chini ya mstari ulio sawa, na kwa pembe hiyo akakokotoa nusu kipenyo cha dunia. Binti yangu alitaka kujaribu papo hapo. Kuna kihisi cha mwinamo cha bei ndogo kama hivi vya joto. Nikamwonyesha hesabu: kwa mita elfu moja pembe yenyewe ni karibu nyuzi moja tu, kwa hiyo kosa la robo nyuzi linaivuruga dunia nzima. Na upeo siku ile ulikuwa umefunikwa na ukungu wa vumbi. Tukaswali Adhuhuri pale karibu, tukarudi.

Usiku wa nne, vikombe vikiwa vimebadilishwa nafasi, baridi ikatangulia tena, ingawa kwa tofauti ndogo. Kijana wa Kidato cha Pili akavunjika moyo. "Kwa hiyo Mpemba alidanganya?"

Swali hilo wakubwa wake wamelibeba kwa miaka mingi. Mwaka 2012 jumuiya ya wanakemia ya Uingereza, Royal Society of Chemistry, ilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayetoa maelezo bora ya jambo hili. Yalikuja majibu 22,000, na zawadi ikamwendea Nikola Bregović wa Zagreb. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walipima kwa uangalifu mkubwa, hawakuuona ushindi wa maji ya moto, na walionyesha kwamba kukisogeza kipimajoto sentimita moja tu juu au chini kunatosha kukupa ushindi wa uongo. Nilipowasomea watoto hilo, binti yangu alikitazama kikombe cha usiku wa kwanza kama mtu aliyekutana na jamaa yake. Kisha mwaka 2020, huko Kanada, Avinash Kumar na John Bechhoefer waliongoza chembe ndogo sana ndani ya maji kwa mwali wa leza na kuonyesha katika jarida la Nature kwamba ya moto inaweza kweli kuitangulia ya vuguvugu, masharti yakiwekwa sawasawa. Jambo linaitwa kwa jina la Mpemba hata hapo ambapo hakuna aiskrimu wala jokofu.

Nikamjibu kijana kwamba Mpemba alisema alichokiona, nasi hatujakirudia alichokifanya. Yeye alitumia trei, sisi vikombe vya plastiki. Huenda chini ya trei yake palikuwa na ukoko wa barafu. Trei ya moto huuyeyusha na kukaa vizuri kwenye chuma baridi, trei ya baridi hukaa juu ya ukoko kama juu ya godoro. Maziwa ya moto pia hupoteza mvuke, kinachobaki kuganda ni kidogo. Mwenzake hakuchemsha maziwa kabisa. Mambo manne, matano, yote yamebadilika kwa pamoja. Hilo si kosa la kijana mwenye njaa ya aiskrimu. Laiti mwalimu mmoja tu, badala ya kusema haiwezekani, angesema: kesho tuje na vipimajoto.

Ingawa vipimajoto vyenyewe, najua, huenda vilikuwa viwili, na kimoja kimevunjika.

Asubuhi ya kuondoka dada alimwuliza binti yangu swali la mfanyabiashara: "Sasa shangazi yako aweke maziwa ya moto au ya baridi?" Binti akajibu kwamba bado hajui, na kwamba ya moto yatakula umeme zaidi, hilo ana hakika nalo. Dada akacheka akasema elimu ya siku nne imetosha. Kopo la biskuti tukaliacha kwa yule kijana, pamoja na daftari na kompyuta ya zamani, kwa sharti kwamba hafuti mstari wowote.

Juzi amenitumia picha ya ukurasa. Jaribio la tisa: trei za bati, ukoko wa barafu chini haukukwanguliwa, vihisi vimefungwa kwa vijiti. Ya moto imetangulia kwa dakika sita. Pembeni ameandika kwa penseli: rudia.